Barua ya Wazi kwa Wakurugenzi wa Majukwaa ya Muziki: Mpiga Gitaa wa Kujitegemea Anataka Mtu wa Kumjibu

Kwa:
Wakurugenzi wa majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni,
Wakurugenzi wa majukwaa ya video,
Wakurugenzi wa kampuni za usambazaji wa muziki wa kidijitali.

YAH: MADAI YA UONGO, MIRABAHA INAYOZUILIWA NA UKIMYA WENU KWA WAPIGA GITAA WA KUJITEGEMEA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha mlizotuwekea nimezipita zote. Nimejaza fomu zenu, nimeambatisha faili za kurekodia, nimeandika barua pepe, nimesubiri, nimeandika tena. Majibu yalikuja na maneno yaleyale kila mara, kilichobadilika ni jina langu tu pale juu, na mwishoni taarifa kwamba suala langu limefungwa. Limefungwa na nani, kwa ushahidi gani, kwa kanuni ipi, sikuambiwa. Hakuna barua hata moja iliyokuwa na jina la mtu.

Mimi ni mpiga gitaa wa kujitegemea. Sina lebo, sina meneja, sina wakili. Ninatunga, ninapiga, ninarekodi, ninahariri na kupakia mwenyewe. Kazi zangu nyingi ni za ala tupu, hazina mwimbaji. Riziki yetu sisi watu wa aina hii hutoka kwenye vijito vingi vidogo: kufundisha, kupiga kwenye kumbi na sherehe, kurekodi sehemu za gitaa kwenye nyimbo za wengine, kuuza rekodi, na mirabaha inayopitia mikononi mwenu. Hakuna kimoja kinachomtosha mtu peke yake. Vikiungana, mtu analipa kodi ya nyumba na kununua nyuzi. Kwa hiyo mnapokikata kimoja bila maelezo, hesabu nzima ya mwezi inavurugika, na aliyeikata wala hajui kwamba amefanya hivyo.

Sipuuzi mlichokifanya. Kabla yenu, rekodi ya gitaa tupu ilihitaji lebo iliyokuwa tayari kupata hasara. Leo mtu anarekodi chumbani kwake na kazi inawafikia wasikilizaji wa mabara yote ndani ya siku chache. Nimepata wanafunzi na marafiki kwa njia hiyo, na ndiyo sababu nazungumza nanyi badala ya kuwahama. Lakini ukishamwambia mtu ajenge maisha yake juu ya kiwanja chako, una wajibu wa kumjibu anapogonga mlango kukueleza kwamba kuna mtu anang'oa msingi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mdai ndiye hakimu

Hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalotuumiza zaidi.

Kipande cha gitaa cha dakika tatu hakirekodiwi kwa dakika tatu. Nyuzi mpya nazifunga siku moja kabla ili zitulie, vinginevyo zinalegea katikati ya rekodi. Kucha za mkono wa kulia nazisugua kwa msasa mwembamba sana, kwa sababu ukucha wenye mkwaruzo mdogo tu unasikika kwenye kila noti ya juu. Maikrofoni moja naielekeza pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, nyingine naiweka nyuma kidogo ya daraja. Friji nazima. Nasubiri usiku uingie, magari yapungue. Kisha napiga, nasikiliza, nafuta, napiga tena, hadi ipatikane moja ambayo haina mlio wa kidole kinachoteleza kwenye uzi pasipotakiwa.

Kipande kimoja nilichokitunga na kukirekodi namna hiyo kilichukuliwa na mtu nisiyemfahamu. Alikata sehemu ya mwanzo, akairudiarudia, akaweka ngoma juu yake, akaitoa kama wimbo wake. Hilo peke yake lingekuwa wizi wa kawaida. Lakini kupitia kampuni ya usambazaji, ile inayopeleka nyimbo za wasanii kwenye majukwaa, aliisajili rekodi hiyo kwenye mfumo wa utambuzi wa sauti. Mfumo ukapita kwenye jukwaa lote ukitafuta sauti inayofanana, ukaikuta video yangu, iliyowekwa muda mrefu kabla ya wimbo wake kuwapo. Ukaandika kwamba mimi ndiye ninayetumia mali yake. Mapato ya video yangu yakaanza kwenda kwake.

Nilipinga. Nikaambatisha faili za kurekodia zenye kila njia ya sauti peke yake, pamoja na rekodi zilizoharibika, zile ambazo mwizi hawezi kuwa nazo. Mpingano wangu ukapelekwa kwa nani aamue? Kwa mdai mwenyewe. Kesi ya nyani ikapelekwa kwa ngedere. Akaukataa, bila kutakiwa kutoa hata mstari mmoja wa maelezo.

Nikawaandikia wenye jukwaa. Wakasema wao hawaamui migogoro ya umiliki, niwasiliane na mdai. Nikaandika kwa kampuni iliyomsambazia, ikanijibu kwamba inahudumia wateja wake tu. Msambazaji wangu naye akanirudisha kwa jukwaa. Kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake kwa lugha ya adabu kabisa, na muda wote huo fedha zilikuwa zikitiririka upande mmoja.

Naomba mwangalie jinsi utaratibu wenyewe ulivyopangwa. Kwenye YouTube, kwa mfano, mdai hupewa siku 30 za kujibu mpingano. Akikataa, aliyepakia anaweza kukata rufaa, na rufaa hiyo nayo inarudi kwa mdai yuleyule, safari hii akiwa na siku 7. Akiikataa kwa kuomba video iondolewe, aliyepakia anapata onyo la hakimiliki, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufuta chaneli nzima. Yaani kadiri mwenye haki anavyozidi kusisitiza haki yake, ndivyo anavyozidi kuhatarisha kazi ya miaka. Mdai wa uongo anayekataa kila mpingano anahatarisha nini? Nawajua wapiga gitaa ambao wamekubali kimyakimya madai ambayo si ya kweli, kwa sababu hawako tayari kupoteza wanafunzi wanaowafikia kupitia chaneli hizo. Kukubali kwao kunaingia kwenye takwimu zenu kama ushahidi kwamba mfumo unafanya kazi.

Na takwimu mnazo. Ripoti ya uwazi ya YouTube kuhusu nusu ya kwanza ya mwaka 2021 ilionesha madai zaidi ya milioni 722 yaliyotolewa na mfumo wake wa utambuzi. Yaliyopingwa hayakufika asilimia 1. Lakini kati ya hayo yaliyopingwa, asilimia 60 yaliamuliwa kwa faida ya aliyepakia. Ni madai zaidi ya milioni 2 katika miezi sita ambayo hayakupaswa kuwapo, na hapo tumehesabu ya wale tu waliothubutu kupinga. Wenye mfumo husoma asilimia 1 na kuridhika. Mimi nasoma asilimia 60 na kujiuliza ni wangapi wameogopa.

Kwa sisi wa gitaa tupu, tatizo ni kubwa kuliko kwa wengine, na sababu yake ni ya kiufundi. Mfumo wa utambuzi hausikilizi muziki kama mtu anavyousikiliza. Unachora alama za sauti kwa masafa na muda, kisha unatafuta alama zinazolingana. Wapiga gitaa wawili wakisoma noti zilezile, kwa mwendo unaokaribiana, kwenye ala ya aina moja iliyotuniwa kwa kipimo cha kawaida cha A ya hezi 440, bila mwimbaji wa kuwatofautisha, alama zao zinakaribiana sana. Mtunzi wa gitaa Fernando Sor alifariki mwaka 1839. Mwenzake Francisco Tárrega alifariki mwaka 1909. Tungo zao si mali ya mtu yeyote leo, na kila mwanafunzi wa gitaa duniani hupita humo. Hata hivyo, mwalimu akirekodi zoezi la Sor kwa mkono wake mwenyewe, anaweza kuambiwa kwamba rekodi yake ni ya kampuni fulani. Wapiga ala nyingine yamewakuta pia: mwaka 2018 mpiga piano James Rhodes aliweka video akipiga tungo ya Bach nyumbani kwake, na kampuni kubwa ya rekodi ikadai sekunde 47 za sauti hiyo. Bach alifariki mwaka 1750. Dai liliondolewa baada ya kelele kubwa hadharani. Rhodes ana jina linaloweza kuzua kelele. Mwalimu wa gitaa mwenye wafuasi mia mbili hana.

Najua utetezi wenu wa kwanza: wingi. Mtasema kwamba hakuna kampuni duniani inayoweza kuweka mtu wa kusikiliza kila dai. Sijaomba hivyo. Madai mengi hayapingwi na pengine mengi ni ya haki. Nazungumzia yale machache yaliyopingwa, ambayo mwenye kazi amejitokeza kwa jina lake na kuweka ushahidi mezani. Hayo yanastahili macho ya mtu asiye na maslahi. Na kabla hata ya kumfikia mtu, mashine zenu zinaweza kufanya jambo moja jepesi: kulinganisha tarehe. Rekodi iliyopakiwa kwenu kabla ya ile inayodaiwa kunakiliwa kwa kawaida haiwi nakala yake. Tarehe zote mbili mnazo kwenye kumbukumbu zenu.

Utetezi wa pili ni kwamba mfumo huu wanapewa waaminifu tu. Ni kweli kwamba mimi, mtu mmoja mwenye vipande vyangu vichache, siwezi kuupata moja kwa moja. Lakini nchini Marekani mwaka 2021 watu wawili walishtakiwa kwa kudai nyimbo zaidi ya 50,000 ambazo hazikuwa zao na kujipatia zaidi ya dola milioni 20 za mirabaha ya watu wengine. Waliingia kupitia kampuni ya kati iliyokuwa na ruhusa ya kutumia mfumo huo, na waliendelea kwa miaka kadhaa. Kumbe mlango uliofungwa kwa mwenye kazi ulikuwa wazi kwa aliyejua kujaza fomu vizuri.

2. Kuadhibiwa kwa wasikilizaji wa uongo ambao hatukuwaita

Wapo watu wanaounda orodha za nyimbo na kuzifanya zisikilizwe na roboti ili wavune mirabaha. Ni uhalifu, na nawaunga mkono mnapoupiga vita. Mnamo Septemba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walimshtaki mtu mmoja kwa kutumia roboti kusikiliza nyimbo zilizotengenezwa na akili mnemba na kujipatia zaidi ya dola milioni 10. Fedha hizo zilitoka kwenye fungu letu sote.

Lakini wahalifu hao huchanganya nyimbo zao na za watu wasio na habari ili wasitambulike kirahisi. Gitaa tulivu lisilo na maneno linawafaa sana kwa kazi hiyo. Unaamka unakuta kipande chako kimesikilizwa mara maelfu kutoka mji ambao huna msikilizaji hata mmoja. Hukuomba, hukulipa mtu. Wiki kadhaa baadaye albamu nzima imeondolewa na mirabaha ya miezi iliyopita imezuiliwa, pamoja na ile iliyotoka kwa wasikilizaji wa kweli. Tangu mwaka 2024 Spotify huwatoza wasambazaji faini kwa nyimbo zilizogundulika kuwa na usikilizwaji bandia uliokithiri, na wapo wasambazaji wanaoisukuma faini hiyo hadi kwa msanii.

Yaliwahi kunipata. Nilipoona namba zisizoeleweka niliripoti mwenyewe kwa msambazaji, nikataja jina la orodha iliyohusika. Ripoti haikujibiwa. Kilichokuja baadaye ni taarifa ya adhabu. Nikauliza: ni kipande gani, ni siku zipi, ni ushahidi gani? Nikajibiwa kwamba maelezo hayo hayatolewi kwa sababu za kiusalama.

Huo ndio utetezi mtakaoutoa tena, kwamba mkieleza jinsi mnavyogundua udanganyifu, wadanganyifu watajifunza kukwepa. Sawa, msieleze mnavyogundua. Elezeni mlichogundua. Kumwambia mtu kipande fulani, orodha fulani, tarehe fulani, hakumfundishi mhalifu chochote asichokijua, maana orodha ni yake. Kunamsaidia asiye na hatia kujitetea. Kisha, zuieni usikilizwaji bandia tu. Mashine iliyoweza kuutambua ili imwadhibu mtu inaweza pia kuutenganisha na ule wa kweli.

3. Kiwango cha mara 1,000 na fungu la pamoja

Tangu mwanzoni mwa mwaka 2024, kwenye Spotify wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia haulipwi mrabaha wa rekodi. Fedha ambazo ungelipwa hugawanywa kwa nyimbo zilizovuka kiwango.

Tazameni maana yake kwa mtu wa kazi yangu. Mpiga gitaa hajengi jina kwa wimbo mmoja unaovuma. Anajenga hazina ya vipande vingi vinavyosikilizwa polepole kwa miaka: mazoezi, tungo fupi, vipande vya kutuliza watoto, vya kusindikiza kusoma. Chukueni mwenye vipande 40, kila kimoja kimesikilizwa mara 900 kwa mwaka. Jumla ni mara 36,000, na malipo yake kwa utaratibu huu ni sifuri. Mwenzake mwenye wimbo mmoja uliosikilizwa mara hizohizo 36,000 analipwa zote. Usikilizwaji ni sawasawa na muda uliotumika unakaribiana. Mmoja ameonekana mfanyakazi, mwingine ameonekana takataka.

Mtasema ni senti chache kwa kila wimbo, na kwamba hata hazimfikii msanii kwa kuwa wasambazaji wana kiwango cha chini cha kutoa fedha. Lakini jukwaa lenyewe lilipotangaza utaratibu huu mwishoni mwa mwaka 2023 lilisema jumla yake ni makumi ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Zikiwa kwetu ni senti zisizo na maana, zikikusanywa zinakuwa mamilioni ya kuwagawia waliotangulia. Senti ambazo hazijafika kiwango cha kutolewa hukaa kwenye akaunti ya mtu zikisubiri wenzake. Hazikuwa zimepotea mpaka mlipozichukua.

Nyuma ya hili kuna jambo kubwa zaidi, ambalo ni fungu la pamoja. Msikilizaji wangu anayelipa kila mwezi na kusikiliza gitaa peke yake anadhani fedha zake zinanifikia. Hazinifikii. Zinatiwa kwenye fungu moja na kugawanywa kwa uwiano wa usikilizwaji wa watu wote, kwa hiyo sehemu kubwa inakwenda kwa wasanii ambao hajawahi kuwasikia. Njia nyingine ipo na imeshajaribiwa: mwaka 2021 jukwaa la SoundCloud lilianza kuwalipa wasanii wa kujitegemea kwa kugawa ada ya kila msikilizaji kwa wale aliowasikiliza yeye. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba haiwezekani kiufundi. Aniambie ni mkataba gani na lebo zipi kubwa unaozuia, nami nitamwelewa.

4. Majina yetu hayaandikwi

Hili ni fupi kwa sababu halina utetezi. Tunarekodi sehemu za gitaa kwenye nyimbo za wengine. Tunalipwa mara moja, tunaondoka. Kinachobaki kutuletea kazi inayofuata ni jina kuandikwa kwamba fulani ndiye aliyepiga. Mkataba wa WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, wa mwaka 1996 kuhusu maonesho na rekodi za sauti, ibara ya 5, unampa mtumbuizaji haki ya kutambulishwa kwa kazi yake. Mtindo wa DDEX ambao kampuni zenu hutumia kutumiana taarifa za muziki una nafasi ya kila mchangiaji na ala aliyoipiga. Wasambazaji wengi hawaiulizi taarifa hiyo wakati wa kupakia. Majukwaa mengi yakiipata hayaioneshi, au huificha mahali ambapo msikilizaji hatafika. Katika baadhi ya nchi jina hilohilo ndilo linaloamua iwapo mpigaji atapata mgao wa haki jirani, yaani haki za wapigaji na wenye rekodi zilizo kando ya zile za mtunzi, redio inapopiga wimbo. Jina likikosekana, mgao unakosekana.

5. Kazi za mashine kuwekwa kwenye kurasa zetu

Gitaa la kutuliza akili ni miongoni mwa vitu vyepesi zaidi kuigwa na akili mnemba, na tunaliona soko letu likijazwa. Spotify ilisema mwezi Septemba 2025 kwamba ilikuwa imeondoa zaidi ya nyimbo taka (spam) milioni 75 katika miezi 12 iliyotangulia. Jukwaa la Deezer lilianza mwaka huohuo kuziwekea alama albamu zenye nyimbo zilizotengenezwa na mashine. Nawashukuru kwa hatua hizo. Ombi langu hapa ni dogo: wimbo wowote usiwekwe kwenye ukurasa wa msanii bila yeye kuukubali kwanza. Kwa sasa mtu yeyote anaweza kupakia kitu kwa jina langu na kikaonekana kwa wafuasi wangu kabla mimi mwenyewe sijakijua, halafu kazi ya kuthibitisha kwamba si changu inakuwa yangu.

Yapo mengine, kama utaratibu wa kukubali mrabaha pungufu ili wimbo usukumwe kwa wasikilizaji wapya, ambao kwa mtu asiye na lebo ni kulipia nafasi aliyokuwa akiipata bure. Nitayaacha kwa leo. Sitaki mjibu hilo la mwisho na kuyaruka ya kwanza.

Mtaniambia pia kwamba nikichoka nihamie kwingine. Wengi wetu tunauza kwenye Bandcamp, duka la mtandaoni la muziki, ambayo inajulikana kwa kukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na iliyobaki, baada ya gharama za malipo, inamfikia msanii. Tunashukuru. Lakini mwenye ukumbi anayetaka kunialika ananitafuta kwenye majukwaa yenu. Mzazi anayemtafutia mtoto mwalimu wa gitaa anaangalia chaneli yangu ya video. Nikiondolewa kwenu, kwao mimi sipo. Nguvu hiyo mmeitafuta wenyewe kwa miaka mingi na mmeipata, na ndiyo inayonifanya nidai utaratibu wa haki kutoka kwenu kama ninavyoudai kwa yeyote mwenye mamlaka juu ya riziki yangu.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Kila dai lililopingwa kwa ushahidi liamuliwe na mtu asiye upande wa mdai, na uamuzi utolewe kwa maandishi ukiwa na sababu.

(b) Mapato ya kazi inayogombaniwa yashikiliwe tangu siku ya dai hadi siku ya uamuzi, hata kama mwenye kazi amechelewa kuliona dai. Leo kwenye YouTube, asiyepinga ndani ya siku 5 hupoteza mapato yaliyopatikana kabla ya kupinga.

(c) Dai la rekodi iliyopakiwa baadaye dhidi ya rekodi iliyotangulia likataliwe na mashine papo hapo, mdai atakiwe kueleza.

(d) Mdai anayeshindwa mara kwa mara anyang'anywe ruhusa ya kudai, na msambazaji aliyemwingiza aulizwe. Maonyo yasiwe ya upande mmoja.

(e) Msanii anayetuhumiwa kwa usikilizwaji bandia apewe jina la kipande, tarehe na orodha iliyohusika, apewe muda wa kujieleza kabla kazi haijaondolewa, na alipwe usikilizwaji wake wa kweli.

(f) Kiwango cha mara 1,000 kiondolewe, au kihesabiwe kwa jumla ya kazi zote za msanii badala ya wimbo mmojammoja. Malipo yasiyofikia kiwango cha kutolewa yabaki kwa jina lake mpaka yafikie.

(g) Majina ya wapigaji na ala zao yaulizwe kwenye kila upakiaji na yaonekane mahali msikilizaji anapoona jina la mwimbaji.

(h) Kila msambazaji na kila jukwaa liwe na anwani moja inayojibiwa na mtu mwenye jina na mamlaka ya kurekebisha kosa.

Mimi naanzia kwenye (a) na (h). Mkiniuliza ni lipi lifanywe kesho asubuhi, ni hayo mawili, kwa sababu mengine yote yanaweza kujadiliwa pale tu atakapokuwapo mtu upande wenu wa meza. Mdai wa kazi yangu mlimpa siku 30 za kunijibu. Nawapa muda huohuo. Jibu lenu nitalichapisha lote, neno kwa neno, pale nilipochapisha barua hii. Kimya pia nitakitaja, pamoja na tarehe.

Kwa wapiga gitaa wenzangu mtakaosoma: hifadhini faili zenu za awali za kurekodia pamoja na zile mlizozikataa, andikeni tarehe, na kila kipande kipewe namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, kabla hakijatoka. Mkipata dai la uongo, pingeni mapema ndani ya hizo siku 5. Na mkiwa na barua za kufungiwa suala zinazofanana na zangu, ziwekeni hadharani baada ya kuficha taarifa binafsi, ili wakurugenzi hawa waone kwamba aliyeandika hapa ana wenzake.

Waheshimiwa, faili zote za kazi niliyoitaja katika lalamiko la kwanza ziko tayari. Atakayeteuliwa kulisikiliza suala hili nitampa zote siku hiyohiyo.

Wenu katika kazi ya muziki,

Mpiga gitaa wa kujitegemea